Miti Mirefu ya Lukole

Miaka ile ya wakimbizi nilikuwa na kazi ambayo mama yangu kule Kibimba alishindwa kuwaeleza majirani. Aliwaambia tu kwamba binti yake anaandika miti, na hakukosea. Shirika lililoniajiri lilipanda miti upya mahali ilipokuwa imemalizwa kwa kuni, na kila baada ya muda miche ilipimwa urefu ili ijulikane kama inakua. Nilikaa Biharamulo mjini, kwenye chumba chenye kompyuta moja na jenereta inayonguruma nje ya dirisha, nikikusanya vipimo vya vitalu viwili. Vya Kaniha niliviingiza mwenyewe. Vya Lukole viliingizwa kulekule kambini na mwenzangu, Mrundi, mkimbizi, aliyekuwa akisomea misitu kwao kabla ya kukimbia.

Hatukuwa tumewahi kuonana. Tulijuana kwa redio koli tu, yeye akiniita dada, mimi nikimwita kaka. Kazi yake aliiweka kwenye disketi, akaifunga kwenye nailoni kuikinga na vumbi, na gari la ofisi likaniletea.

Kisha kompyuta yake ikafa, akaletewa nyingine iliyokuwa imetumika kwenye ofisi ya watu wa Kifaransa. Disketi ya kwanza kutoka kwenye mashine hiyo niliipakia vizuri, programu ikajumlisha, printa ikatoa ripoti. Mkuu wetu alikuwa na haraka. Aliichomoa karatasi ikiwa bado ya moto, akaituma Dar es Salaam. Nakala iliyobaki nikaisoma nikinywa chai, na chai ikanipalia.

Kulikuwa na mche wa mita arobaini na tano. Jirani yake alikuwa na mita sita. Uliofuata, arobaini na nane. Miche hiyo ilipandwa mvua zilipoanza, na mvua zenyewe hazikuwa zimekatika.

Nilimwonyesha mkuu nikidhani angekasirika, lakini alisema tu kwamba Dar wameshapiga simu. Wamefurahi mno, na wanamleta mgeni kuuona huo msitu.

Siku hiyo msimamizi wa kitalu cha Kaniha, mzee Msubi mpole, alikuwa amekuja kuchukua viriba, vile vifuko vya nailoni vya kuoteshea miche. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yake yakiwa kwenye karatasi. Aliniuliza huko Lukole wanatumia mbolea gani. Nikamweleza kwamba kosa ni la mashine. Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayefichwa jambo na jirani mwenye mali, na alipotoka aliniachia gunia tupu: nikienda huko, nimletee udongo kidogo.

Nikaanza kutafuta. Kwanza niliishuku disketi, nikamwomba kaka alete nyingine; miti ikawa mirefu vilevile. Nikashuku amepima kwa futi. Kwenye redio alijibu kwa upole kwamba rula yake ni ya mita, na kwamba kwenye kompyuta yake miche ni mifupi kabisa, mifupi hata ya kusikitisha. Basi ubaya ulikuwa unaingia njiani, kati yake na mimi. Nikazipanga takwimu za vitalu vyote viwili bega kwa bega, nikazitazama mpaka macho yakauma, na ndipo nikaona. Miche ya Kaniha ilikuwa na nukta: 0.38, 0.52. Ya Lukole haikuwa na nukta hata moja. Yote ilikuwa na mita kamili, kama vile miti ya kule imekubaliana kukua kwa hatua nzimanzima. Nilicheka peke yangu kwa furaha, nikaomba lifti ya gari la asubuhi.

Kaka alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Alinipa kiti chake ndani ya hema, lakini nikamwomba akae yeye, aandike kama siku zote, nimwangalie. Akaandika sifuri, akaweka mkato, akaandika nne na tano.

"Kaka, hapo katikati umeweka nini?"

"Mkato. Ninyi mnaweka nini?"

"Nukta."

Alinitazama kana kwamba nimemwambia kwetu tunavaa viatu mikononi. Shuleni kwao tangu darasa la kwanza sehemu ya namba nzima na ya vipande hutengwa kwa mkato, na mashine yake ya Kifaransa ilikubaliana naye. Yangu ilifundishwa kama mimi: mkato ni wa kutenganisha maelfu tu, pambo la kusaidia macho. Ilipokutana na 0,45 ililitupa pambo, ikabaki na arobaini na tano. Ilipokutana na 0,6 ikabaki na sita. Tulipoandika hayo nyuma ya boksi la viriba na kuona kila jitu la Lukole linarudi kuwa mche, tulishikwa na kicheko.

Tukaingia kwenye mipangilio ya kompyuta yake, tukabadilisha mkato kuwa nukta. Tukapeana mikono. Akaketi kuingiza mche wa kwanza, vidole vyake vikaenda vyenyewe kwenye mkato, na safari hii mti wa mita arobaini na tano ukaota palepale mbele yetu. Nilikaa chini kwenye turubai. Yeye alilaza kichwa mezani, mabega yakimtikisika. Mlinzi akachungulia kuona nani anaumwa.

Baadaye alijifuta machozi, akasema polepole, "Dada, kwa nini tunapima kwa mita? Hakuna mche hata mmoja uliofika mita."

Tulitazamana. Sentimita. Arobaini na tano, sitini, thelathini na nane, bila nukta, bila mkato, bila Mwingereza wala Mfaransa. Jioni ile tulibadilisha vitalu vyote viwili, na nilirudi Biharamulo bila udongo. Mzee wa Kaniha alipoona kitalu chake kimewazidi Lukole kidogo, alitembea siku nzima akipiga mluzi.

Mgeni tulishindwa kumzuia. Alikuwa ameshapanda ndege. Alishuka Lukole na kamera kubwa shingoni, akatazama juu, kisha akashusha macho, na mkuu wetu akamweleza yote bila kuficha kitu. Mgeni alitukodolea macho mimi na kaka, tuliokuwa tumejibana tusicheke. Kisha akavua kofia, akachuchumaa kando ya mche, akamkabidhi kaka kamera.

"Nipige," alisema, "lakini hakikisha sionekani mrefu kuliko mti."

Kaka ikabidi alale kifudifudi kwenye tope, na bado haikuwezekana.