Feri Aliyoikosa Arnfinn

Kama kuna mtu anayezijua feri kuliko Arnfinn Hovden, basi huyo mtu hajazaliwa, na mama yake bado anachagua mchumba. Miaka thelathini na saba alisimama sitahani na koti lake la manjano, akipanga magari kwa kidole kimoja tu: wewe kushoto, wewe sogea, wewe bibi zima taa. Madereva wa malori, mijitu yenye shingo kama magogo, walimtii kama watoto wa chekechea. Na feri yake haikumsubiri mtu. Siku moja mchungaji alichelewa nusu dakika akienda kuzika, akaachwa gatini na joho lake. "Maiti haina haraka," Arnfinn akasema.

Sasa kastaafu. Kanunua gari la kulalia, la mtumba, lina kitanda, jiko la gesi na mapazia ya maua, na anataka kumzungusha mkewe fjodi zote za magharibi, zile ghuba ndefu katikati ya milima, mwezi wa saba. Mkewe ni Eldbjørg, mkunga, naye kastaafu juzi tu. Hapo ndipo palipokuwa na kazi.

Maana Eldbjørg hakuisahau safari ya mwisho, ile ya hema, miaka kumi na mbili nyuma. Arnfinn alimwamsha saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri ili wawahi feri, akamnywesha kahawa akitembea, maporomoko ya maji wakayaonea dirishani, na picha zote zikatoka na kiwiko cha Arnfinn. Siku ya nne mama wa watu akapanda basi, akarudi nyumbani peke yake. Hakugombana. Kwao watu hawagombani, wanapanda basi.

"Safari hii nakuja," alimwambia mezani jikoni, ramani imetandazwa, mkate na jibini la kahawia pembeni. "Lakini nimeamshwa na simu za wajawazito miaka thelathini. Nikiona karatasi moja yenye saa, mimi huyo kwa dada yangu Denmark, na wewe ulale na mapazia yako."

"Karatasi? Mimi? Mke wangu, nitatulia mpaka utanipima mapigo ya moyo."

"Haya. Siku ya kwanza tunalala wapi?"

"Popote!"

"Safi."

"Popote karibu na gati. Kabla ya saa mbili kasoro ishirini."

"Arnfinn!"

"Ulimi umeteleza, mama. Ulimi."

Jumamosi yake kijiji kilikuwa na kazi ya pamoja, kupaka rangi gati la mashua. Kazi hiyo hailipwi na hakuna anayekulazimisha, ila usipotokea, watakukumbuka mpaka kwenye mazishi yako. Arnfinn alikuwepo na brashi yake, na ubavuni kwake jirani yake Torleiv, mwenye gari la kulalia jipya refu kama kanisa.

"Nasikia mnaondoka bila mpango," Torleiv akamchokoza. "Mwezi wa saba! Foleni ya watalii wa Kijerumani inafika mlimani. Mtalala mtaroni, mzee. Kumbe ratiba zilikuwa kwenye lile koti. Umerudisha koti, umerudisha na akili."

Watu wakacheka. Sasa Arnfinn, mtukane mama yake atakuuliza habari za nyumbani, lakini ratiba usimguse. Akaingiza mkono ndani ya ovaroli, akachomoa karatasi nne, zimevalishwa plastiki, wino mwekundu na wa bluu.

"Feri ishirini na tatu! Siku kumi na tisa! Kusubiri kurefu kuliko kote, dakika sita! Soma, Torleiv, soma polepole, kuna maneno marefu humo. Mpaka chooni nimepanga!"

Brashi zote zilisimama. Arnfinn akageuka, akamkuta Eldbjørg nyuma yake na sinia la keki za kazi.

"Chooni saa ngapi?" akauliza, kwa upole kabisa.

"Saa nne na robo," akajibu Arnfinn, sauti imebaki kama ya mbu.

Eldbjørg akaweka sinia chini, akaenda zake. Arnfinn alipomfuata nyumbani, sanduku lilikuwa wazi juu ya kitanda na gauni la kwanza limeshaingia, na dada yake wa Denmark kashapigiwa simu atandike kitanda.

"Nimekosa," akasema mlangoni, rangi nyeupe puani. "Sikufanya ujeuri, Eldbjørg. Mimi kusubiri sijui. Sijawahi kukosa feri hata moja tangu nizaliwe."

Mkono wa Eldbjørg ukasimama na soksi. "Hata moja?"

"Hata moja."

Eldbjørg akakaa kitandani, akamtazama kama anavyotazama mtoto aliyekaa vibaya tumboni. "Basi kesho ukaikose. Feri ya saa sita ije, ipakie, iondoke, na wewe umekaa kwenye kiti. Ukiinuka tu, napanda basi."

Jumapili wakaegesha gari la kulalia mbele kabisa ya foleni, wakatoa viti viwili, wakavikunjua hatua kumi kutoka pale feri inapofungulia mlango. Ikaja. Aliyekuwa sitahani ni Jostein, kijana aliyefundishwa kazi na Arnfinn mwenyewe. Magari kumi na moja yakawapita, yakaingia, nafasi ikabaki, Jostein akaita kwa kidole. Arnfinn akashika mikono ya kiti. Jostein akaita kwa mikono miwili. Nahodha akatoa kichwa dirishani.

"Arnfinn! Gari limekufa?"

"Liko sawa!"

"Unaumwa?"

"Siumwi!"

"Sasa una nini?"

"Nimekaa!"

Jostein akamwangalia kama mtu aliyeona ng'ombe anasoma gazeti. Akakimbia kantini, akarudi mbio mpaka kwenye kiti, akamwekea mapajani chapati mbili za feri, zile nene laini, za moto, siagi na sukari ndani, kama anampelekea mgonjwa uji. Akarudi sitahani. Na feri haikuondoka.

Dakika moja ikapita. Mbili. Walikuwa wanamsubiri yeye! Watalii wameegemea chuma wakitazama, na Arnfinn Hovden ndiye anayechelewesha feri. Jasho likamtoka, miguu ikacheza yenyewe, matako yakainuka kidole kimoja. Eldbjørg akakohoa. Yakarudi.

"Ondokeni!" akanguruma. "Dakika tatu! Nilikufundisha nini, Jostein? Hasubiriwi mtu! Funga huo mlango, mpumbavu wee, nenda!"

Mlango ukapanda. Maji yakaonekana kati ya gati na feri, kwanza kipande, halafu mengi. Arnfinn alikuwa bado kwenye kiti. Eldbjørg alikuwa amejikunja anacheka, machozi yanamtoka.

Wakala chapati. Jua likapiga, theluji ya juu mlimani ikawa inatiririka, na Eldbjørg akasinzia, sukari kidevuni. Feri ya saa saba ikaja. Jostein akainua kidole. Arnfinn akamtazama mkewe, mdomo wazi, anakoroma kidogo, mchana kweupe, hakuna simu. Akaweka kidole chake mdomoni: kimya, bwana. Feri ikapakia taratibu, ikaondoka.

Ilipofika katikati ya fjodi Eldbjørg akafumbua macho.

"Ya saa saba imekuja?"

"Imekuja, imeondoka."

"Na wewe je?"

"Mtu alikuwa amelala."

Eldbjørg akachukua simu, akampigia dada yake.

"Usitandike kitanda, siji. Naenda na Arnfinn. Wapi? Hatujui bado. Ndiyo, na yeye hajui. Kweli tena! Ngoja nikupe umsikie mwenyewe."