Nusu ya Hadithi ya Binti Radi

Uwesu alikuwa fundi bati wa Gerezani. Alikaa kwenye kibanda upande wa reli, akikata makopo ya mafuta na kuyageuza koroboi, vikombe na makarai. Watu walimjua kwa nyundo yake kuliko sauti yake. Mteja akiuliza, "Lini?" anajibiwa, "Kesho." Akiuliza, "Haitavuja?" anajibiwa, "Haivuji." Maongezi yameisha.

Maneno ya nyumba yote yalikuwa ya mke wake, Sitara. Waliishi chumba kimoja katika nyumba ya vyumba sita, Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu, miaka ile soko jipya lilipokuwa bado linajengwa na vumbi la saruji likitua mpaka kwenye nguo zilizoanikwa uani. Sitara alikaanga vitumbua akiongea, alifua akiongea, aligombana na muuza mkaa na kupatana naye kabla mkaa haujapimwa. Mimba tatu zilimtoka. Ya nne ikakaa. Wakampata Mgeni, Uwesu ameshaota mvi.

Kila siku baada ya magharibi Sitara alimhadithia mtoto habari za Binti Radi. Hakufundishwa na mtu, alizitunga mwenyewe. Binti Radi alikuwa msichana wa Jangwani, mwembamba, miguu ya vumbi, lakini radi ikipiga aliirukia juu akaikamata kama mtu anavyokamata kuku, kwa mabawa, akaibana kwapani mpaka itulie. Siku Mgeni alipochekwa shuleni kwa kiatu kilichotoboka, jioni ile Binti Radi naye alikwenda vitani peku. Siku alipoogopa sindano, Binti Radi aling'atwa na nyoka wa shaba na hakutikisika. Asubuhi mtoto anatoka kifua mbele. Uwesu aliyasikia yote hayo akiwa amelala chali kwenye mkeka. 

Zikaja mvua za masika. Jumapili Sitara akashikwa na homa. Jumanne jioni Uwesu alirudi kutoka kazini akamkuta hamjui mtu. Wakampakia kwenye teksi, wakampeleka hospitali. Jumatano asubuhi wakamrudisha amefunikwa. Alizikwa Kisutu kabla ya alasiri, kaburi linajaa maji na wanaume wanayateka kwa kopo. Kopo lile Uwesu alilitengeneza mwenyewe.

Mgeni hakulia. Watu wakasema, mtoto huyu ana moyo. Hitima ikapita, hajalia na hajasema. Akipewa chakula anakikoroga, anakirudisha. Miaka tisa, na mikono imekuwa kama vijiti vya mshikaki. Alikaa uani siku nzima na magoti yake kidevuni. Shule ikamrudisha nyumbani, mwalimu kasema anaanguka mstarini. Walimu wa Kurani wakamwandikia kombe, aya zikaoshwa kwa maji, akanywa. Hospitali wakampa vidonge vya damu. Hakuna kilichobadilika.

Siku ya arobaini alikuja dada yake Uwesu, Sofia, kutoka Rufiji, kwenye kijiji cha ujamaa walikohamishiwa baada ya mafuriko. Mwanamke wa kauli moja.

"Kaka, mtoto anakufa huyu na wewe unamtazama."

"Namtazama."

"Nakuachia mpaka Jumamosi ijayo. Nikirudi nikimkuta hivi, namchukua. Kule nina watoto kumi na mmoja uani. Atacheza, atasahau."

Uwesu akaitikia kwa kichwa. Neno lile, atasahau, lilimwingia kama kipande cha bati chini ya ukucha. Mgeni ndiye pekee aliyebaki ndani ya chumba kile. Akichukuliwa, kitabaki kitanda na masufuria.

Chumba cha pili alikaa Josepha, mtu wa Masasi, mumewe kuli wa reli. Jumatano alikuwa akichekecha yanga, ule unga wa njano wa foleni, uani, Uwesu akapita na bakuli.

"Baba Mgeni, mtoto umempa nini leo?"

"Uji."

"Amekunywa?"

"Hapana."

"Ulimwambiaje?"

"Kunywa."

Josepha akaweka chekeche chini. "Hilo tu? Kunywa? Hata mbuzi anabembelezwa, baba!"

Uwesu akasimama na bakuli lake.

"Marehemu alikuwa anamwinua na yule binti yake wa radi," Josepha akasema, sauti imeshuka. "Mhadithie wewe."

"Sijui kuhadithia. Najua kupiga bati."

"Kwani Sitara alisomea wapi? Fumbua mdomo, litakalotoka litoke. Jumamosi inakuja, na dada yako yule hana mzaha."

Uwesu aliwaza siku nzima. Jioni baraza lilijaa wanaume, uani kuna wanawake na redio. Mtu mzima, mvi kichwani, aanze kuruka na kukamata radi mbele ya watu? Aibu ikamshika. Akachagua saa ambayo nyumba ni tupu: saa saba ya mchana, wengine wako sokoni, wengine kwenye foleni ya sukari.

Alhamisi aliweka nyundo chini jua likiwa utosini. Fundi wa kibanda cha jirani akashangaa. "Uwesu, umefukuzwa na nani leo?" Akashika njia ya nyumbani.

Alimkuta Mgeni uani, mahali pake, magoti kidevuni. Akakaa kwenye kigoda. Akakohoa. Sitara alikuwa na namna yake ya kuanza, anasema, "Radi hiyo!" na mtoto anajibu, "Ishike!" Uwesu akajikaza.

"Radi hiyo."

Mgeni aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Akamziba baba yake mdomo kwa viganja viwili.

"Usiseme! Baba, usiseme! Jua liko juu!"

Sauti ilikuwa imekauka, ya mtu ambaye hakuitumia siku arobaini na zaidi. Uwesu akaviondoa vile viganja taratibu.

"Jua limefanya nini?"

"Utakufa."

Uwesu akangoja. Kungoja alikujua. Ikatoka yote kwa mkupuo, mtoto akitazama chini. Jumanne ile, mama kalala na homa, yeye hakwenda shule. Mchana akachoka kukaa kimya. Akaomba hadithi. Mama akasema, funga dirisha, tujifanye usiku. Akafunga. Mama akahadithia nusu, akasema ngoja nipumzike kidogo. Hakuamka vizuri tena.

"Mimi ndiye niliyemuua mama."

Katazo hilo linajulikana pwani yote. Hadithi ni za usiku, mtoto akiomba mchana mama yake atakufa. Wazee waliliweka ili maji yatekwe na mashamba yalimwe, watoto wasikae kusikiliza habari za mazimwi jua likiwaka. Kila mtoto wa mtaa ule alitishwa nalo, akakua, akaliacha njiani.

Uwesu alifumbua mdomo aulize, nani kakudanganya? Hakuuliza. Alikumbuka.

Ilikuwa miaka miwili nyuma. Amerudi kula mchana, ana haraka, Sitara kichwa kinamuuma, na Mgeni anamvuta mama yake kanga, hadithi, mama, hadithi. Uwesu alisema bila kuinua macho kwenye sahani, "Ukiomba hadithi mchana mamako atakufa." Akaendelea kula samaki wake. Maneno ya Uwesu yalikuwa machache, kwa hiyo mtoto aliyaweka yote.

"Nilikwambia mimi," akasema.

"Ndiyo."

"Nilikwambia uongo."

Mgeni akainua uso. "Wewe husemi uongo."

 Mtu mwingine angeapa, angembeba mtoto, angelia. Yeye alikaa akitazama mikono yake, makovu ya bati juu ya makovu ya bati. Mwisho akasogeza kigoda, akatoka kivulini, akakaa katikati ya ua, jua likimpiga usoni.

"Nahadithia," akasema. "Tazama kama nitakufa."

Mgeni akaanza kulia kwa sauti ndogo, hapana, hapana. Uwesu akahadithia hivyo hivyo. Alihadithia vibaya. Binti Radi alikwenda Gerezani. Akanunua bati. Radi ikaja. Akaishika kwa koleo. Akaikata kwa mkasi. Akalehemu. Ikawa karai. Akaiuza. Mwisho. Jasho lilimtoka kuliko siku ya kupiga mapipa. Mtoto hakusikiliza hata neno, alikuwa anatazama kifua cha baba yake kama kinapanda na kushuka.

Ijumaa Uwesu alipoamka kuswali alikuta mtoto amekaa karibu na kichwa chake, kidole chini ya pua yake.

"Napumua," akasema.

Alipotoka msikitini mchana alikuja tena, akakaa palepale juani. Binti Radi akakutana na zimwi kwenye foleni ya sukari. Zimwi limeruka foleni. Binti Radi akashika radi kwa koleo, akalipiga.

"Hashiki kwa koleo," Mgeni akasema.

Uwesu akainama kumsikiliza.

"Anashika kwa mabawa. Kama kuku."

"Kwa mabawa," Uwesu akakubali, akaendelea.  Jioni ile mtoto alikunywa uji vijiko viwili. Akaacha.

Jumamosi hakwenda kazini. Basi la Rufiji huingia mchana, na mambo bado. Vijiko viwili si kitu, Sofia atacheka. Jua lilipokwea akaweka kigoda mahali pake. Safari hii Mgeni alitoka kivulini, akaja kukaa chini mbele yake.

"Ile ya mama ilikuwa hivi," akasema. "Maji yamejaa Jangwani. Watu wanavuka na vitanda vichwani. Radi kubwa kuliko zote inashuka, Binti Radi akairukia, akaikamata, lakini hii haiingii kwapani. Akabaki ameishika juu kwa mikono miwili. Watu wanapita chini. Mikono inamuuma. Akishusha, itawaangukia. Mama akasema ngoja nipumzike." Akavuta pumzi. "Mpaka leo yuko palepale. Mikono juu."

Uwesu akamtazama mtoto. Mabega yale yaliyopanda mpaka masikioni. Siku zote hizi alidhani ni baridi ya njaa.

 Mahali fulani kwenye ujenzi wa soko watu walikuwa wanapiga vyuma.

"Alichoka," akasema. "Akashusha mikono."

"Radi ikaanguka?"

"Ikaanguka."

"Ikaua mtu?"

Kudanganya kulikuwa rahisi. Sitara angepata njia, angeleta ndege, angeleta malaika. Uwesu hakuwa na ndege.

"Ikaua mtu."

Mgeni akakodoa macho.

"Ingeanguka tu," Uwesu akasema, na kila neno alilitoa kama msumari uliokwama. "Ilikuwa inaanguka tangu mbinguni. Yeye hakuileta. Yeye aliishika kidogo. Watu wengine wakapata nafasi ya kuvuka. Mtoto mdogo kama yule, akaishika yote ile. Nani angemlaumu?"

"Mtu mmoja alimwambia ni yeye."

"Mtu huyo alikuwa anakula samaki. Hakufikiri. Mtu huyo ndiye wa kulaumiwa."

Mgeni akatazama viganja vyake. Mabega yakashuka, upande mmoja, kisha wa pili. Halafu ikatoka sauti ambayo haikutoka siku ya maziko wala siku ya hitima. Alilia mpaka njiwa wakaruka kwenye paa. Alimwita mama yake kwa jina la kumwitia, mama, mama yangu, akimpiga baba yake magotini kwa ngumi. Uwesu alikaa. Alijiacha apigwe.

Sofia aliwakuta hivyo. Alisimama mlangoni na kikapu chake, vumbi la njia mpaka kwenye nyusi.

"Yallah! Umemfanya nini mtoto? Amezidi kuwa mgonjwa! Nilijua mimi, leteni nguo zake!"

"Mwache alie, dada."

"Analia nini?"

"Anamlilia mama yake."

Sofia akamtazama kaka yake, akamtazama mtoto. Alikuwa amezika watoto wawili huko Rufiji, kilio alikijua. Akaweka kikapu chini, akajifunga kanga kiunoni, akaingia jikoni bila kuuliza sufuria ziko wapi.

Alasiri aliwaandalia ugali na mchuzi wa samaki aliokuja nao. Mgeni, macho yamevimba, akala tonge moja. Akala la pili. Akameza, akashikwa na kwikwi, akala la tatu. Josepha alichungulia mlangoni, akajiziba mdomo, akarudi kwake asije akaharibu.

"Nitalala siku mbili, kisha nirudi kwangu," Sofia akasema. "Peke yangu." Kisha akaisogeza sahani. "Na wewe, kaka? Mbona hunawi?"

"Nimeshiba," Uwesu akasema.

Hakuwa ametia kitu mdomoni tangu jana. Alikuwa anatazama kipande cha samaki kwenye sahani, na hakuweza kukigusa.