Mvinyo Mkavu wa Kumfungua Mjomba Mdomo

Mwaka niliotaka kuoa, Mtaliano mmoja alikuja Nachingwea kufunga mashine ya kubangulia korosho. Kiswahili chake kilikuwa "asante" na "wali". Mimi ni mwalimu wa sekondari, na kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa, nikafanywa mkalimani wake. Siku ya kuondoka akanikabidhi chupa aliyoivika soksi. Akasema ni mvinyo mweupe wa kijijini kwao, umezeeka vizuri, na ni mkavu.

"Mkavu kivipi?" nikauliza, maana nilidhani Kiingereza kimenipiga chenga.

"Hauna sukari hata chembe. Usiutikise. Unywe polepole, na mtu unayemheshimu."

Mtu niliyemheshimu wakati ule, tena niliyemwogopa, alikuwa mjomba wa mchumba wangu, kule Chunyu, wilaya ya Ruangwa. Kwetu huku baba wa binti anaweza kukubali posa mpaka sauti imkauke. Mjomba asiposema neno, hakuna ndoa. Na mjomba hasemi neno kabla hajaletewa kifungua mdomo. Shangazi yangu wa Naipingo, ambaye ndiye aliyekuwa mshenga wangu, alipoiona ile chupa macho yakamng'aa.

"Kifungua mdomo si hiki hapa!" akasema. "Wenzako wote wanapeleka jogoo. Wewe peleka Ulaya."

Tukapanda gari mpaka Ruangwa mjini, na kutoka pale tukachukua bodaboda moja, mishikaki: dereva mbele, shangazi katikati, mimi nyuma nimeikumbatia chupa kama mtoto mchanga. Kila tulipokaribia shimo nilipiga kelele, "Taratibu, bwana, kuna mzee hapa!"

Shangazi akageuza shingo. "Mzee nani?"

"Mvinyo, shangazi."

Hakuniamini; alijua namsema yeye.

Mjomba alikuwa amekaa barazani na jirani yake, rafiki waliyetiwa jando pamoja. Jirani alikuwa Mwislamu wa kushika swala. Mjomba alikuwa Mkristo wa kushika kata ya uraka, ile pombe ya mabibo, na msimu ukifika watu walitoka vijiji vingine kuja kumwonjesha zao awaambie ipi imeiva. Hilo shangazi hakuwa amenieleza. Nililisikia palepale, nikiwa tayari nimeshatoa chupa kwenye soksi.

Tukasalimiana. Shangazi akaweka chupa mkekani, akaeleza kwa maneno ya heshima kwamba tumekuja kuomba jiko, na kwamba hiki ni kifungua mdomo kutoka Italia. Mjomba akaiinua juani.

"Umesema mvinyo mweupe?"

"Ndiyo, mjomba," nikajibu.

"Weupe uko wapi? Mbona huu wa njano kama mafuta ya alizeti?"

Jirani akacheka. Mimi sikuthubutu.

Shida ya kwanza ilikuwa kizibo. Tulijaribu kisu, kikazama nusu. Mwenye bodaboda, aliyekuwa akisubiri kuturudisha, akaleta skrubu na plaizi kutoka kwenye pikipiki yake, akaikaba chupa katikati ya magoti, akavuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Kizibo kikakatika. Kipande kilichobaki mke wa mjomba akakisukumia ndani kwa mpini wa mwiko, mvinyo ukaruka ukamlowesha shangazi kilemba.

"Mkavu huo," akasema mjomba.

Akamiminiwa kwenye kikombe cha bati. Akaunusa, akapiga funda moja. Uso ulimkunjamana kama wa mtu aliyetafuna ndimu na maganda yake. Akafumba jicho moja. Kuku mmoja akapita katikati yetu bila aibu.

"Mkwe," akasema mwishowe, "umeniletea siki."

"Si siki, baba," shangazi akaingilia. "Umezeeka tu."

"Hata mimi nimezeeka. Nimechacha?" Akapiga funda lingine. "Hiki si kifungua mdomo. Hiki ni kifunga mdomo. Ulimi wote umekwenda kujificha."

Akamsogezea jirani kikombe. Jirani akauweka mkono kifuani. "Kunywa sinywi. Lakini leta ninuse." Akanusa kwa muda mrefu. "Mh! Asali ipo. Na korosho za kukaanga. Halafu kwa mbali kama mtu kafungua dumu la mafuta ya taa."

"Asali?" Mjomba akaupokonya. "Mimi asali sijaiona." Akanywa tena kuitafuta. "Naisikia puani, nikiifuata mdomoni haipo! Kinywaji kiongo hiki. Hebu ongeza, nihakikishe uongo wake."

Akaongezewa. Akaulaani, akaongezewa tena. Chupa ilikuwa imeshapungua zaidi ya nusu aliponigeukia ghafla na kuninyooshea kikombe.

"Sasa onja wewe. Uniambie, ni mtamu au si mtamu?"

Nikisema mtamu, nimemdanganya mjomba mbele ya watu. Nikisema mbaya, nimemletea mkwe takataka. Shangazi alinikodolea macho, lakini macho yake hayakuwa na msaada wowote. Nikanywa. Kwanza uchachu ukanibana mashavu, nikatamani kutema. Nilipomeza, kikaja kitu kingine, uchungu mdogo kama ganda la korosho changa, ukakaa kooni, ukakataa kuondoka.

"Si mtamu, mjomba," nikasema. "Na mpaka dakika hii sijui kama nimeupenda. Lakini kama kuna mwingine, naomba."

Mjomba akamtazama jirani, jirani akamtazama mjomba. Kisha wakacheka wote wawili, kicheko cha watu waliocheka pamoja tangu utotoni, mpaka mke wa mjomba akatoka jikoni kuuliza nani kaanguka.

"Huyu haogopi kusema hajui," mjomba akamwambia mkewe. "Apewe mtoto. Lakini jogoo amlete vilevile! Mila ni mila."

Tukala ugali na kisamvu, tukapanga arusi iwe baada ya mavuno ya ufuta. Jioni, tulipofika Ruangwa mjini, nikampigia simu mchumba wangu.

"Amekubali!" nikasema. "Mjomba amekubali!"

Upande wa pili akaguna. "Si alinipigia tangu juzi akaniambia amekubali? Alisema tu, ukija, atakusumbua kidogo."

Shangazi akanivuta shati. "Anasemaje mwenzio? Anafurahi?"

Nikamwambia mtandao unasumbua.