Oili Nyeupe kama Tui

Siku ile naikumbuka, mwanangu, mpaka harufu ya oili yake. Ndiyo kwanza nimeanza kuitwa fundi hapa Salale, na kichwa kilikuwa kimenivimba kweli. Mjomba Shomari akaniletea mashine ya boti yake. "Hebu angalia mguu wa propela, mpwa wangu. Gia inagoma."

Nikafungua skrubu ya chini, oili ikatoka nyeupe kama tui. Hapo fundi haulizi, maji yameingia. Nikavua propela, nikakuta uzi wa wavu umejizungusha kwenye shafti hadi ukaikata sili, ile raba inayozuia maji. Sili mpya mpaka Kibiti, nami nikaona haya kusema sina. Nikatoa uzi, nikajaza oili mpya, nikamwambia, "Imepona, mjomba."

Wiki iliyofuata tulimpakia mama yangu boti ileile, tuwawahi madaktari wa macho waliokuja Kibiti kwa siku moja tu. Mama alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, na mama yako ana mimba ya kwanza. Njiani mama yangu alinitania tu, eti anataka aone kama mjukuu atarithi pua yangu, Mungu apishe mbali.

Katikati ya mto mashine ikanguruma, propela haizunguki. Meno ya gia yameliwa. Maji yalikuwa yanakupwa, boti ikakaa kwenye tope kati ya mikoko, nasi tukakaa nayo mpaka maji yaliporudi. Tukapiga kasia hadi bara, na Kibiti tulikuta madaktari wameshaondoka.

Mama ndiye aliyeniuliza, "Ulijua?"

"Nilijua, mama."

Akapapasa mpaka akaupata mkono wangu. "Ungesema bado, baba. Tungetafuta boti nyingine."

Madaktari walirudi baada ya mwaka. Kaka yako alikuwa ameshazaliwa, na bibi yako alimlea muda wote huo akimjua uso kwa vidole. Kila nilipomwona akimpapasa, niliumia.

Sasa wewe unataka kumrudishia mtu mashine kesho, na sili hujaipata. Mwambie bado. Atanuna, atakusema huko gatini, mwache aseme. Anayepanda boti ile humjui, wala hujui anawahi nini.

Mola akujaalie mikono ya kazi na ulimi usioona haya. Na bibi yako amrehemu alipolala. Pua aliiona mwishowe, akacheka mpaka akakaa chini.