Lugha ya Ukweni

Kwetu Moding, msichana akianza kujifunza lugha ya watu wengine, majirani hawaulizi anasomea nini. Wanauliza ameposwa wapi. Shangazi yangu aliolewa Rukala bila kujua hata kuomba maji kwa lugha ya huko. Mama mkwe wake akamfundisha kwa makelele, na kabla mwaka haujaisha alirudi kututembelea akitugombeza kwa Kiluhya. Ndivyo ilivyokuwa. Lugha unafundishwa na nyumba itakayokuzika.

Kwa hivyo nilipoanza kusaga wimbi nikijisemesha Kiairishi, mama yangu, ambaye kwetu tunamwita toto, alinisikiliza siku ya kwanza. Siku ya pili akaanza kuimba nyimbo za harusi.

Mwalimu wangu wa Kiairishi alikuwa Mzungu wa Ayalandi, kijana mrefu mwenye masikio mekundu, aliyekuja kufundisha sekondari ya misheni miaka ile ya mwanzo ya uhuru. Mimi nilikuwa nafundisha darasa la pili karibu na stesheni ya Malaba. Siku moja alinikuta nikimvisha mtoto kibao shingoni kwa sababu alikuwa amesema Kiteso darasani. Ndiyo ilikuwa sheria. Hata mimi nilivishwa utotoni. Yule bwana akabadilika rangi. Akaniambia bibi yake, mama aliyemzaa baba yake, naye alifungwa kijiti shingoni utotoni huko kwao, kila neno la Kiairishi likakatiwa alama, na jioni akachapwa kwa idadi ya alama. Akasimulia mpaka machozi yakamtoka. Haki ya Mungu, alilia! Mwanamume mzima analia mbele yangu kwa ajili ya bibi yake? Nilikuwa nimekwisha.

"Kiingereza ni cha kununulia sabuni," akaniambia baadaye, tulipokuwa tumezoeana. "Mimi nitakupenda kwa lugha waliyompigia bibi yangu."

Nikaamini. Wewe ungekataa? Usinidanganye, ungeamini pia.

Nilijifunza haraka. Nilikuwa na Kiteso, Kiluhya, Kiswahili, Kiingereza, na Kiganda cha wafanyabiashara wa ng'ambo ya mpaka, kwa hivyo lugha moja zaidi haikunitisha. Akanipa yale matamu kwanza: *a stór*, yaani hazina yangu, *mo chroí*, yaani moyo wangu. Lakini mimi si mtu wa kulambishwa asali kwa kidole. Nilidai yote. Chungu mnaitaje? Mvua? Aibu? Uongo? Yeye alicheka akanijibu, na sidhani aliwahi kujiuliza haya maneno nayaweka wapi.

Wakati huo kulikuwa na karani wa reli, mtu wa Amagoro, mwenye mke mmoja tayari na roho kavu kama mhogo wa juzi. Alikuwa ametuma wazee kwetu mara mbili, na mara zote nilikataa. Shangazi akanikemea, "Mkataa pema pabaya panamwita." Baba hakukemea. Aliniambia tu, "Huyo Mzungu wako alete watu wake. Asipoleta, karani atakuja, na safari hii sitakuuliza."

Basi mpenzi wangu aliponiambia dada yake anakuja kutoka Ayalandi na angependa aone kwetu, nilikimbia njia nzima kumwambia baba. Dada yake! Damu yake mwenyewe, amevuka bahari! Baba aliwaita baba zangu wadogo, akachinja mbuzi. Toto akapika ajon, pombe yetu ya wimbi, akatafuta mirija mirefu mipya ya kuinywea. Nami nikamfundisha yule bwana adabu zetu, tena kwa Kiairishi ili zimwingie vizuri: mkwe haingii jikoni kwa mama mkwe, hamshiki mkono, hata njiani humpisha. Akarudia kila neno. Akasema ni mila nzuri sana.

Walikuja na gari la misheni. Dada alikuwa msichana wa kucheka ovyo, kamera kifuani. Nilimsalimu kwa Kiairishi akapiga yowe la furaha. Kabla sijawakalisha, kaka mtu akamshika mkono, wakaenda moja kwa moja jikoni. Nikamwita. Akanipungia mkono. Nilipofika mlangoni alikuwa ameinama juu ya chungu cha mama yangu, anamwonyesha dada yake mboga za karanga, na mkono mwingine ameunyosha kumsalimu toto. Toto alijifunika uso na leso akatoka mbio, akajificha nyuma ya ghala. Mama yangu alikimbia kwake mwenyewe kama mwizi! Nikajiambia, amesahau. Wazungu wanasahau. Mpumbavu hachoki kujituliza.

Tukala. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Walipokwisha kunawa, yule mkubwa wa baba zangu wadogo akajikohoza, akauliza lile swali linaloulizwa watu wa posa: "Wageni wetu, mmepotelewa na nini hata mkafika bomani kwetu?" Nikamnong'oneza mpenzi wangu tafsiri yake. Jibu nilikuwa nimempa kitambo, maneno machache tu: tumemwona ndama hapa, tumempenda.

Dada akamgeukia, akamuuliza kwa Kiairishi mzee anataka nini.

"Hataki kitu," akajibu kwa Kiairishi hichohicho, akitabasamu kwa wazee. "Anauliza kama tumeshiba. Tabasamu tu, tutaondoka sasa hivi."

Mbele yangu! Kwa lugha ya bibi yake, lugha aliyonitilia mwenyewe kinywani. Hata hakunitazama aone kama nimesikia.

"Amesema nini?" baba akauliza.

Nilimgeukia yule dada, nikamwambia kwa Kiairishi, polepole, bila kukosea hata neno: "Kaka yako ameniita moyo wake mwaka mzima. Baba yangu anauliza kama mmekuja kuniposa. Mkisema hapana, kesho nitapewa mtu nisiyemtaka."

Yule msichana akafungua mdomo. Macho yakamjaa maji. Kisha akapiga makofi.

"Umemfundisha yote hayo?" akamwambia kaka yake. "Tena kwa lafudhi ya nyumbani kabisa! Hebu aseme tena!" Akainua kamera.

Na yeye, masikio yamewiva, akacheka, akapiga makofi pia. "Sema tena, *a stór*," akaniambia.

Wazee wetu hawakujua neno hata moja. Waliona wageni wanafurahi, wananipigia makofi, wakatazamana, nao wakapiga. Baba alikuwa anatabasamu, na baba yangu hakuwa mtu wa kutabasamu. Ndipo nikasikia kigelegele nyuma ya ghala. Kikapokelewa na jirani, kikapokelewa na nyumba ya tatu, mpaka barabarani.

Nikaondoka nikazunguka ghala. Toto alikuwa amepiga magoti mavumbini, leso bado usoni, anashangilia. Nikamshika mabega nikamwambia, "Toto, nyamaza. Hakuna posa."

Alishusha leso, akanitazama. Kule mbele makofi yalikuwa bado yanaendelea.

"Sasa wanapigia nini makofi?" akaniuliza.