Masomo ya Nyuma ya Menyu

Binti yangu alikuwa darasa la sita mguu wake ulipoanza kuvimba. Tulidhani amejigonga mahali. Wiki ya pili akawa hawezi kuukanyagia, na homa haimwachi, tukampeleka hospitali ya Msambweni. Daktari akatuambia usaha umeingia ndani ya mfupa. Alipasuliwa, akalazwa zaidi ya mwezi, akarudi nyumbani Mwabungo na magongo mawili na onyo kwamba mguu ule usibebeshwe uzito.

Shule ilikuwa mbali, na njia yake ni mchanga mtupu. Magongo yalizama. Nikaenda kumwona mwalimu mkuu.

"Mama, mtoto apone kwanza," aliniambia. "Akipona atarudia darasa."

"Na asipopona mwaka huu?"

"Basi atarudia mwakani."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na madarasa ambamo watoto walikaa wanne kwenye dawati la wawili, na hakuwa na la kunifanyia. Lakini mfupa ulianza tena kutoa usaha, binti akapasuliwa mara ya pili, na mwaka ukaisha. Wenzake wakaingia darasa la saba. Mwanzoni walikuwa wakipita kwetu jioni kumsalimu. Baadaye wakawa wanapunga mkono tu kutoka njiani. Siku moja nilirudi kutoka kazini nikamkuta amegeuza kiti, ameipa njia mgongo. Nilijua nitamfundisha mwenyewe, ingawa sikujua kwa nini nijiamini hivyo, maana mimi niliachia shule kidato cha pili kwetu Ukambani, na hesabu ndizo zilizonishinda.

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi kwenye swichibodi ya hoteli moja ya Diani. Nilipokea simu na kuziunganisha vyumbani kuanzia asubuhi mapema hadi saa nane mchana. Ilikuwa miaka ile ya mwisho ya tisini, na hoteli ilikuwa imeunganishwa na intaneti, jambo ambalo wengi wetu tulilisikia kwa jina tu. Kompyuta yenyewe ilikuwa moja, katika ofisi ya kuhifadhi vyumba, na mwanamke aliyeitumia alikuwa rafiki yangu. Kila alipotaka kusoma barua za mawakala wa ng'ambo alinipigia: "Dada, nipe laini." Nami nikimpa, nilisikia mlio kama wa bati linalokwaruzwa, kisha kimya.

Siku moja nilimuuliza, "Hivi humo ndani mna nini zaidi ya barua?"

"Mna kila kitu. Wewe wataka nini?"

"Nataka shule."

Alicheka, kisha akaniona sicheki. Akanivutia kiti. Aliandika maneno machache ya Kiingereza, tukangoja. Ukurasa ulishuka polepole, mstari baada ya mstari, kama pazia linaloteremshwa na mtu aliyechoka. Yalikuwa masomo. Walimu wa nchi za mbali, watu nisiowajua na wasionijua, walikuwa wameweka humo hesabu, sayansi na Kiingereza, pamoja na maswali na majibu yake. Chini kabisa waliandika kwamba yeyote aweza kuyachukua na kuyatumia bila malipo. Mstari huo niliusoma mara tatu.

"Bure?"

"Bure. Si wameandika wenyewe?"

Kesho yake nilikwenda kwa meneja nikiwa nimepiga sare yangu pasi upya. Alikuwa mzee mkali, asiyependa maneno mengi, nikamweleza kwa ufupi.

"Wageni wakipiga simu je?" aliuliza.

"Saa ya chakula cha mchana wageni wako mezani, simu hulala. Naomba nusu saa hiyo."

"Na karatasi za kuchapia?"

"Menyu za jana, mzee. Hutupwa, na upande wa nyuma ni safi."

Alitazama saa yake. "Nusu saa. Siku simu moja itakapopotea, tumeacha."

Haikupotea hata moja. Nilikula mkate wangu nimesimama, sikio moja kwenye swichibodi, huku rafiki yangu akichapa. Nilipeleka nyumbani hesabu ambazo nyuma yake pameandikwa supu ya kamba na samaki wa kupaka, na binti yangu alizoea kusoma pande zote mbili.

Tulisomea barazani alasiri, mguu wake umenyooshwa juu ya mto. Somo la kwanza la hesabu za sehemu, yaani nusu, robo na theluthi, lilitaka tukate mkate mtamu wa matufaha, kitu ambacho hakuna kati yetu aliyewahi kukionja. Tukakata boflo, mkate wetu wa dukani. Theluthi aliila yeye, theluthi nikala mimi, na theluthi tukamwekea baba yake, aliyekuwa akitunza bustani ya nyumba moja ya wageni na kurudi jioni na njaa. Somo la sayansi lilizungumzia theluji. Niliomba barafu jikoni kwa wapishi, nikaibeba ndani ya chupa ya chai, na nilipofika Mwabungo ilikuwa imebaki kidogo tu. Aliitia kwenye bakuli, akaikodolea macho mpaka ikawa maji, akaandika kila alichoona.

Tulipofika kugawanya sehemu kwa sehemu nilikwama. Karatasi ilisema sehemu ya pili igeuzwe juu chini, kisha uzidishe.

"Kwa nini inageuzwa, mama?"

"Ndivyo wanavyosema."

"Lakini kwa nini?"

Nilirudi kazini na swali lile likinisumbua kama mwiba. Siku ya pili rafiki yangu alinitafutia ukurasa mwingine, nikauweka kando ya swichibodi na kuusoma kati ya simu na simu. Nusu boflo, robo boflo: ni robo ngapi zinazoingia ndani ya nusu? Mbili. Nikaona. Niliona ghafla jambo ambalo mwalimu wangu alilipiga ubaoni kwa rula miaka mingi iliyopita nami nikaona giza tu. Nilicheka kwa sauti, na mgeni aliyekuwa kwenye laini akaniuliza kama kila kitu ki sawa. Nikamwambia kila kitu ki sawa kabisa.

Mwaka ulipokaribia kwisha, mwalimu mkuu alikubali kumpima, aone kama anaweza kuungana na wenzake darasa la nane. Baba yake alimpeleka kwa baiskeli, nami nikitembea kando. Karatasi ya hesabu aliimaliza kabla ya wakati, na mwalimu akaisahihisha akitikisa kichwa kwa mshangao. Kisha akamwuliza kuhusu mito ya Kenya, binti akakwama. Akamwambia aandike wingi wa "ufunguo wangu umepotea". Akaandika, "Ufunguo zangu zimepotea."

Mwalimu aliweka kalamu chini. "Mama, mtoto huyu umemsomesha vizuri sana, ila umemsomesha Marekani. Mtihani wa darasa la nane ni wa Kenya."

Nilitoka pale nimevunjika. Njiani, akiwa juu ya baiskeli, binti yangu aliniambia, "Umesikia lakini? Amesema umenisomesha vizuri sana."

Vitabu vya jiografia na historia mwalimu mwenyewe aliniazima. Kiswahili ndicho kilichonitatiza. Kwenye kompyuta ile tulitafuta tusipate hata ukurasa mmoja, na Kiswahili chetu sisi watu wa bara kilikuwa cha kuombea maji. Nikavuka ua kwenda kwa jirani, bibi wa Kidigo aliyekuwa akikaanga mahamri asubuhi na kusuka mikeka mchana. Yeye ndiye aliyewahi kusema mbele yangu kwamba mtoto hasomeshwi na karatasi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Leo wanitafuta kwa jambo, nakuona."

Nilimweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Kiswahili chenu chaniumiza masikio tangu mlipohamia," alisema. "Nilikuwa nangoja mje wenyewe."

Tangu siku hiyo alikuja kila alasiri na ukili wake wa mkeka. Binti akisema "kitabu yangu", bibi aliacha kusuka. "Kitabu chako. Kipe heshima yake." Alimsimulia hadithi, akamtaka amsimulie tena bila kupotoka hata neno. Hakumruhusu kukata maneno. Mume wangu naye, akirudi na kumkuta pale, alianza kusalimu kwa uangalifu kama mtu anayevuka daraja la mti mmoja. Nyumba nzima ilisoma mwaka ule.

Mtihani wa majaribio ulipofika, mwalimu mkuu aliahidi kumsajili kwa mtihani wa darasa la nane kwa sharti kwamba afaulu. Akafaulu. Akasajiliwa. Siku za mtihani wenyewe alikaa mwisho wa safu, mguu juu ya kigoda alichobebewa kutoka nyumbani, nami nilikuwa kazini nikiunganisha wageni na vyumba visivyo vyao.

Matokeo yalitoka siku ya kazi. Simu ililia, nikajibu kama kawaida, jina la hoteli na karibu. Sauti ikasema, "Mama, ni mimi, mwalimu mkuu. Nimepiga kutoka posta ya Ukunda. Binti yetu ameongoza wasichana wote wa shule."

Nilimwomba arudie. Akarudia. "Na Kiswahili," akaongeza, "hakuna mvulana wala msichana aliyemfikia."

Sikumbuki kama nilimshukuru. Nakumbuka rafiki yangu ametoka mbio ofisini kwake, tumeshikana mikono, na meneja amesimama mlangoni kuuliza kelele ni za nini. Alipoambiwa, aliketi yeye mwenyewe kwenye swichibodi. "Nenda nyumbani," alisema. "Simu nitapokea mimi."

Nilimkuta binti akimenya muhogo barazani. Nilimwambia. Aliendelea kumenya kidogo, kisha kisu kikamtoka mkononi. Bibi alipiga vigelegele hadi watu wa nyumba za jirani wakaja wakidhani kuna harusi, naye akawaeleza mmoja mmoja, kwa Kiswahili kilichonyooka, kwamba msichana huyu ni mwanafunzi wake.

Aliingia kidato cha kwanza na gongo moja, la pili amelikataa. Siku chache baadaye akaja kwetu mama mmoja na mtoto mwenye maradhi ya kifua yaliyomzuia kwenda shule, na nyuma yake mwingine. Walisikia kwamba nina masomo. Jumatatu iliyofuata niliomba jikoni menyu zote zilizobaki.