Ladha ya Bia Nyeusi Iko Kooni

Nilisimama kaunta ya hoteli moja ya ufukweni, hapa Bagamoyo, mpaka mvi zikanijaa. Kwetu Dunda hakuna aliyekunywa pombe, nami sikunywa. Mwenye hoteli alipoanza kuleta bia nyeusi za kila namna, wageni wakawa wananiuliza ipi ikoje. Nikaamua kuonja na kutema, kama mpishi anavyoonja mchuzi wa futari huku amefunga. Mpishi swaumu yake haiharibiki. Niliona nina hoja.

Nilijifunza. Bia iitwayo pota ni nyepesi, ina harufu ya kahawa iliyokaangwa vizuri. Stauti ni nzito, na uchungu wake ni wa buni zilizokaribia kuungua. Lager nyeusi humdanganya mtu: rangi ya kutisha, ladha ya ganda la mkate. Zile kali za nchi za baridi zina utamu wa sukari guru na zabibu kavu. Lakini bia nyeusi ukiitema umepata nusu tu, maana uchungu wake hukaa nyuma, kooni. Nikaanza kumeza. Mke wangu alinusa, akaenda kufungua dirisha.

Mwaka jana binti yetu aliposwa. Mimi ndiye walii, wa kumwozesha. Shehe, niliyesoma naye chuo kimoja cha Kurani, alikuja nyumbani, akazunguka kwanza na habari za mvua na viwanja vya Mapinga. Kisha akasema mnywaji hawezi kuwa walii, ndoa itaingia dosari. Nikamweleza habari ya mpishi. Akacheka kidogo.

"Na huo mchuzi wako, ndugu yangu, unautema?"

"Zamani nilikuwa natema."

"Na sasa?"

Binti yangu alikuwa nyuma ya pazia, anasikia.

"Nameza."

Akaniambia nitubu tu, nafasi ipo. Nilitafuta moyoni kitu cha kutubia, sikukipata. Nikamwambia amwite mdogo wangu, aliyeko Mkange.

Mdogo wangu ndiye aliyeshikana mkono na bwana harusi. Nilikaa safu ya nyuma. Maneno ya kuozesha nilikuwa nimeyahifadhi tangu mtoto yule angali mchanga, na mdogo wangu aliyasoma kwenye karatasi.

Baadaye binti akatoka kuamkia wazee. Alianza na baba yake mdogo, kisha akaja kwangu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Wakaleta pilau, nikanawa mikono.